Eapoti ya Dar: maswali ninayoulizwa kila ndugu anaposafiri

Ninakaa Ukonga, vituo vichache tu vya daladala kutoka geti la uwanja wa ndege, na kwenye ukoo wetu hilo limenipa kazi ambayo sikuiomba. Akisafiri mtu wa Songea, wa Tanga au wa Toronto, simu inaita kwangu. Maswali ni yale yale, na mara nyingi yanakuja usiku, mtu akiwa amekaa juu ya begi lake akijaribu kulifunga. Nimeona niyaandike mahali pamoja. Ada na ratiba hubadilika, kwa hiyo mwenye tiketi mkononi aamini tiketi yake kabla ya kuniamini mimi.

Uwanja wenyewe uko wapi, na mbona kila mtu anauita kwa jina lake?

Uko Kipawa, Wilaya ya Ilala, kando ya Barabara ya Nyerere, kama kilomita 12 kutoka Posta, katikati ya jiji. Jina kamili ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ndiyo JNIA mnayoisikia kwenye taarifa ya habari. Wazee bado wanasema DIA kwa sababu hadi mwaka 2005 uliitwa kwa jina la jiji. Mwaka huo ulipewa jina la Mwalimu, na mwaka uliofuata likafupishwa kidogo. Makonda wa daladala hawajali yote hayo, wao wanaita "Eapoti!" basi.

Kwenye tiketi tafuta herufi DAR. Ukiona JRO, hiyo ni Kilimanjaro, kule kati ya Moshi na Arusha. ZNZ ni Zanzibar. Usicheke, kuna watu wamenunua tiketi ya bei rahisi usiku wa manane na asubuhi wakagundua wanatakiwa kupandia ndege Kilimanjaro.

Ndege yangu inaondokea jengo lipi?

Hili ndilo swali la kwanza kuuliza, na watu huliuliza la mwisho.

Majengo ya abiria ni matatu. Jengo la Kwanza ndilo kongwe, la miaka ya 1950, enzi za mkoloni. Leo linahudumia ndege ndogo na za kukodi, zile za kwenda Mafia, Zanzibar na mbugani. Jengo la Pili lilifunguliwa mwaka 1984, na kwa miaka 35 ndilo lililobeba kila kitu. Sasa limebaki zaidi na safari za ndani. Jengo la Tatu lilizinduliwa na Rais Magufuli tarehe 1 Agosti 2019. Limejengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na safari za kimataifa zipo huko.

Kwa hiyo ukienda Dubai, Doha, Addis Ababa, Nairobi au Amsterdam, nenda la Tatu. Ukienda Mwanza au Mbeya, uliza kwanza shirika lako, maana mashirika huhamishwa jengo na tangazo lisikufikie. La Pili na la Tatu ni majirani. La Kwanza liko mbali na hayo mawili, lina njia yake ya kuingilia, na ukishushwa pasipo pako si mwendo wa kutembea na begi la kilo 23 kwenye jua la saa saba.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipotea. Ilikuwa miezi michache baada ya Jengo la Tatu kufunguliwa, shangazi yangu anarudi kutoka Muscat. Nikasimama mbele ya Jengo la Pili kama nilivyozoea miaka yote, na khanga aliyoniagiza iko mkononi. Nikasubiri. Abiria wa Mwanza wakatoka, wa Dodoma wakatoka, shangazi hakuna. Simu yake ina laini ya Omani, haipatikani. Nilipomkuta baada ya saa nzima na ushee, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake nje ya jengo jipya, viatu amevua. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimevuka bahari salama, wewe umeshindwa kuvuka ua." Hajaacha kuisimulia.

Tiketi imeandikwa 00:35, tarehe 15. Niende uwanjani siku gani?

Jioni ya tarehe 14.

Naomba uisome tena: jioni ya tarehe 14. Sijui idadi ya watu niliowaona wanafika uwanjani jioni ya tarehe 15, wameoga, wamependeza, wamesindikizwa na gari mbili, na ndege yao ilishaondoka tangu usiku uliopita. Ndege nyingi za mbali huondoka Dar usiku wa manane na alfajiri, kwa hiyo mtego huu unawanasa watu kila wiki.

Tatizo ni saa mbili zinazogombana kichwani. Tiketi inahesabu siku mpya kuanzia saa sita usiku. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapozama, ndiyo maana 03:00 ya tiketi kwetu ni saa tisa usiku, na wapo waliosoma 03:00 wakaenda saa tatu asubuhi. Lakini Kiswahili chenyewe kina dawa ya ugonjwa huu. Tunayo "usiku wa kuamkia". Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:35, waambie wanaokusindikiza, "Nasafiri usiku wa kuamkia tarehe 15, saa sita na dakika 35." Hapo hata bibi ambaye hajawahi kuona tiketi anaelewa kwamba mnatoka nyumbani tarehe 14 baada ya Magharibi. Andika hivyo kwenye karatasi ubandike mlangoni.

Na ukimtumia mtu aliye Ulaya au Marekani saa ya kufika, mwandikie kama ilivyo kwenye tiketi, kwa mtindo wa saa 24. Ukimwambia "nafika saa mbili" atakuja saa nane.

Nifike mapema kiasi gani? Na nitoke nyumbani saa ngapi?

Safari ya nje, saa tatu kabla. Ya ndani, saa mbili kabla. Kwa safari za nje kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa machozi hayaifungui.

Swali la pili ndilo gumu, kwa sababu jibu lake liko barabarani. Zamani uchungu wote ulikuwa makutano ya TAZARA. Pale mtu aliweza kukaa mpaka akajua majina ya watoto wa muuza karanga. Tangu Septemba 2018 lipo daraja la juu la Mfugale, lenye jina la Injinia Patrick Mfugale wa TANROADS, wakala wa barabara, na TAZARA imepumua. Foleni haikufa lakini. Ilisogea mbele, Vingunguti, Jet, Kipawa, ikategemea na saa na siku. Jioni magari ya wanaorudi Gongo la Mboto, Pugu na Chanika yanakwenda uelekeo ule ule wa uwanja wa ndege. Ukitokea Mbagala, Tegeta au Kibamba una safari nzima ndani ya jiji kabla hata hujaigusa Barabara ya Nyerere. Masika ikikolea, maji yakijaa Jangwani na barabara ya Morogoro ikafungwa, wa Magomeni na Ubungo watatafuta njia nyingine, na kila mtu atakuwa anaitafuta njia hiyo hiyo.

Halafu kuna msafara. Marais na wageni wao wanashukia hapa hapa, na barabara ya kwenda mjini ni hii hii moja. Dalili ni hizi: askari wa usalama barabarani amesimama kila kona, na upande wa pili hakuna gari hata moja, barabara nyeupe kama uwanja wa mpira siku ya Jumatatu. Ukiona hivyo, zima injini, mpigie dereva bodaboda unayemwamini, na uanze kufikiria begi lipi unaweza kuliacha lifuate baadaye.

Kanuni yangu kwa ndugu wa Mbezi au Bunju: hesabu saa mbili za barabarani juu ya zile tatu. Ukifika mapema sana utakaa kwenye kiti. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukaa kwenye kiti.

Sina gari wala wa kunipeleka. Nifikeje?

Daladala za Gongo la Mboto zinapita kwenye Barabara ya Nyerere, unashuka kituo cha Eapoti. Kutoka kituoni hadi mlango wa jengo kuna kipande cha kutembea. Kwa mwenye begi la mgongoni ni rahisi na nauli yake ni ya kawaida. Kwa mwenye masanduku mawili, konda atakudai nauli ya masanduku pia, na abiria wenzako watakudai kwa macho.

Bajaji na bodaboda zipo tele, ila kubaliana mapema kama anakufikisha mlangoni au anakuacha barabarani. Magari ya kuita kwa programu ya simu yanafanya kazi Dar na bei unaiona kabla ya kupanda. Teksi za uwanjani zenyewe ni ghali zaidi, lakini saa tisa usiku ukiwa na watoto wawili wamelala mabegani, utazishukuru.

Kama umetoka nje na dereva akakutajia bei kwa dola, mrudishe kwenye shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Sema kwa upole tu, "Kaka, nitajie kwa shilingi."

Na treni ya SGR je, inaingia uwanjani?

Hapana. Inapita Pugu, na stesheni ya Pugu ndiyo iliyo karibu zaidi na uwanja. Anayetoka Morogoro au Dodoma anaweza kushukia hapo, kisha achukue gari au bajaji, badala ya kwenda hadi mjini halafu arudi tena nyuma.

Sisi tuko kumi na wawili tunamsindikiza mtoto. Tunaingia wote?

Mlango wa kuondokea ni wa msafiri. Mlinzi ataomba tiketi na pasipoti, na ukaguzi wa kwanza wa mzigo wako ni hapo hapo. Dua, picha na machozi vimalizeni nje. Najua kwetu kusindikiza ni heshima, na mtu kuondoka peke yake inaonekana kama ametoroka. Lakini nimeona vijana wanasafiri mara ya kwanza, wanaingia ndani wakiwa bado wanapungiwa mikono na mama, wanasahau pasipoti kwenye mkoba wa huyo huyo mama. Mmoja wenu awe na kazi moja tu, kuuliza, "Pasipoti iko wapi?" Na msiondoke mpaka apige simu kusema amemaliza kaunta, maana kilo zikizidi kinachotolewa kwenye begi kitahitaji mtu wa kukirudisha nyumbani.

Naruhusiwa kubeba dagaa? Na unga, maembe, nyama choma ya shemeji?

Kutoka Dar, chakula kikavu kilichofungwa vizuri kwa kawaida hakina shida. Shida iko unakokwenda, na kila nchi ina lake.

Chukua Umoja wa Ulaya. Nyama na maziwa vya abiria kutoka kwetu haviingii, hata kama nyama imekaushwa na kufungwa na mama mzazi. Samaki ni habari nyingine: samaki na dagaa wa matumizi yako mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo dagaa wa Kigoma ana haki ya kufika Hamburg ambayo kuku wa kienyeji hana. Matunda na mbogamboga vinataka cheti cha afya ya mimea tangu Desemba 2019, isipokuwa matunda matano yaliyosamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe halimo. Najua inauma. Dada yangu aliwahi kusimama mbele ya afisa wa kigeni akala embe bolibo mawili papo hapo, la tatu akashindwa, likaenda kwenye pipa.

Marekani wana fomu na maswali yao. Kule kanuni ni moja: sema ulichobeba. Ukikitaja wakakichukua, umepoteza chakula tu. Ukikificha wakakikuta, unalipa faini na kumbukumbu yako inabaki kwao.

Kufunga nako kuna ufundi wake. Dagaa wakaange kidogo, wapoe kabisa, kisha wafunge kwa karatasi, halafu ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, halafu katikati ya nguo ambazo hutazihitaji wiki ya kwanza. Harufu ya dagaa haina viza lakini inaingia kila mahali. Achari, mafuta ya nazi na asali viende kwenye begi la chini ya ndege, kwa sababu kwenye begi la mkononi kimiminika chochote kinachozidi mililita 100 kwa chupa kitaishia kwenye ukaguzi. Betri ya akiba ya kuchajia simu ni kinyume chake: ikae nawe, isiende chini.

Begi langu lina kilo 26. Watanihurumia?

Pima nyumbani. Mashirika mengi yanatoa kilo 23 kwa begi la daraja la kawaida, na kilo 32 kwa kawaida ndiyo mwisho wa begi moja hata kama uko tayari kulipia. Kuna mizani ya kushika mkononi inauzwa Kariakoo. Kama huna, panda mzani wa duka la dawa na begi, kisha bila begi, utoe.

Vitu gani nisiingie navyo wala kutoka navyo?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, pamoja na ile uliyopewa duka la uwanja wa ndege wa huko unakotoka. Vimifuko vya kufunga kwa zipu vya vipodozi havina neno. Ndege isiyo na rubani, ile ya kupigia picha, inahitaji kibali kabla hujafika. Ukija nayo kimya kimya itabaki kwao. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 na kuendelea zitaje Forodha.

Ukitoka, acha pembe, meno ya tembo, magamba ya kasa, matumbawe na makombe ya baharini. Watu wanaokota kombe Kigamboni wakiona ni pambo tu, kisha linaonekana kwenye mashine. Vito kama tanzanaiti viende na risiti na vibali vyake.

Nilizaliwa Temeke, lakini nimechukua uraia wa nchi nyingine. Naingia kama nani?

Kama mgeni mwenye viza. Najua jibu hili linavyopokelewa, nimeshakatiwa simu kwa sababu yake. Sheria ya Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo ukiapa huko, huku unaingia na pasi ya huko. Viza ya kawaida ni dola 50. Mwenye pasi ya Marekani analipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Unaweza kuomba mtandaoni kabla ya safari kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe, ile inayoishia na go.tz. Ziko tovuti nyingine zimevaa bendera yetu na zinatoza zaidi kwa kazi hiyo hiyo. Wengi pia hupata viza wakishafika, ila foleni ya kulipia ina urefu wake ndege mbili kubwa zikitua pamoja.

Usilete dola za zamani. Maduka mengi ya kubadilishia fedha yanakataa noti zilizotoka kabla ya 2006, na noti iliyochanika au kuandikwa kalamu ni kesi nyingine.

Mimi natoka Nairobi. Kitambulisho cha taifa kinatosha?

Hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda wana makubaliano yao ya kupita kwa kitambulisho, Tanzania haimo. Njoo na pasipoti. Viza huhitaji. Lakini njoo na kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hapa ndipo Wakenya wengi wanaponaswa.

Kadi ya njano inadaiwa nani hasa?

Yeyote mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano: Kenya, Uganda, Kongo, Ethiopia na nyingine nyingi za ukanda wetu. Anayepita tu kwenye nchi hizo kubadilisha ndege anadaiwa kama alikaa uwanjani zaidi ya saa 12. Aliyetoka London akasubiri Addis Ababa saa tatu hahusiki. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usikumbuke usiku wa kuamkia safari. Na tangu Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10.

Binti yetu anakwenda Oman kufanya kazi za ndani. Uhamiaji watamuuliza nini?

Watamuuliza anakwenda wapi, kwa nani, kufanya nini, na mkataba uko wapi. Maswali hayo yanamlinda. Mkataba wa kazi nje ya nchi unatakiwa upitie huduma za ajira za serikali, zilizojulikana kwa muda mrefu kama TaESA. Wakala wa mtaani akiwaambia, "Mwambieni aseme anakwenda kutembea," basi hapo hapo simamisheni safari. Anayeondoka kama mtalii akifika kule ni mtu asiye na karatasi, na mwajiri analijua hilo kuliko yeye.

Akiwa na kila kitu sawa, fanyeni haya: pigeni picha kila ukurasa wa mkataba na pasipoti zibaki kwa mama. Jina la mwajiri, namba yake na mji mviandike kwa mkono pia, simu huibwa. Mwekeeni namba ya ubalozi wetu Muscat kichwani, siyo kwenye simu. Mpwa wangu tulimfundisha kama wimbo, akawa anaiimba hadi kwenye kaunta.

Nakwenda Zanzibar na ndege ndogo. Nijue nini?

Ruka yake ni kama dakika 20, hujamaliza kufunga mkanda vizuri unauona Unguja. Kwenye ndege ndogo kilo ni 15 kwa kawaida na begi linatakiwa liwe laini, kwa kuwa sanduku gumu haliingii kwenye tumbo lake. Usishangae wakikupima na wewe mwenyewe kwenye mzani. Ni hesabu ya ndege, hakuna anayekusema.

Mgeni asiye Mtanzania anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya lazima ya dola 44, tangu Oktoba 2024. Inalipwa mtandaoni kabla ya safari. Anayeogopa ndege ndogo ana boti bandarini, kama saa mbili, na huko atakachoogopa ni mawimbi.

Nimefika, begi halikufika.

Usitoke nje ya ukumbi. Kwanza angalia mkanda wa mizigo hadi usimame, halafu nenda dawati la mizigo iliyopotea ujaziwe ripoti yenye namba. Bila namba hiyo huna kesi. Bakiza kile kikaratasi walichokibandika nyuma ya tiketi kule ulikotoka. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika unaliandikia malalamiko ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na lisipoonekana kabisa siku 21 zikapita, linahesabiwa limepotea. Mimi langu lilizurura siku nne, likarudi na nailoni mpya na vumbi la nchi ambayo sijawahi kufika. Tangu hapo nguo mbili na dawa za presha za mama husafiri mkononi.

Tunapokea mwili wa ndugu aliyefia nje. Tusubiri wapi?

Siyo kwenye mlango wa abiria. Jeneza linakuja kama shehena, na linatolewa upande wa mizigo. Nimewakuta watu wamesimama na maua mbele ya mlango wa kutokea abiria, wakimwangalia kila anayetoka, na hakuna aliyewaambia.

Wanaokwenda kushughulikia wawe wawili au watatu, mmoja akiwa na roho ngumu ya kushika karatasi: cheti cha kifo, cheti cha mwili kuhifadhiwa kwa dawa, barua ya ubalozi, pasipoti ya marehemu na hati ya mzigo ya shirika la ndege. Watu wa afya na Forodha watazipitia, na inachukua saa kadhaa. Ibada au mazishi msiyapange kwa saa ya ndege kutua. Wazee wabaki nyumbani. Gari lisubiri na mafuta ya kutosha.

Ni kweli Jengo la Pili lilichorwa na Mfaransa wa Paris?

Kweli. Paul Andreu, yule yule aliyechora jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle. Watu wanalidharau sasa kwa sababu lina umri na jirani yake ana vioo. Ukipata safari ya ndani fika mapema, kaa, tazama juu. Nguzo zinapanda na kufunguka kama minazi, na hewa inapita. Mzee wa watu alifariki mwaka 2018, sijui kama aliwahi kurudi kuliona.

Nampokea mtu. Nitajuaje ametua, na atatoka baada ya muda gani?

Namba ya ndege yake iandike kwenye programu yoyote ya kufuatilia ndege, utaiona inavyokuja. Sisi wa huku tuna njia yetu: upepo ukivuma kutoka kaskazini mashariki, ndege zinatua zikitokea upande wa Pugu na Gongo la Mboto, zinapita juu ya mabati yetu kwa sauti ambayo watoto wanaijua kwa ukubwa wake. Ikipita kubwa, ndipo navaa viatu.

Kutua siyo kutoka. Kuna viza, Uhamiaji, mizigo na Forodha. Hesabu saa moja, moja na nusu ikiwa ana viza ya kulipia. Siku mahujaji wanaporudi kutoka Jedda hesabu zaidi, maana familia nzima nzima zimekuja na mabasi, na kila haji anasubiri dumu lake la zamzam la lita tano. Simama upande wa kivuli, msimsogelee mlinzi. Na shangazi akitoka, mpokee begi kwanza, salamu baadaye. Atakuwa amechoka.